Chrome, Firefox, Edge au Opera? Kivinjari cha msanidi wa tovuti jijini Nairobi

Msanidi wa tovuti hushinda ndani ya kivinjari kuliko mahali pengine popote. Asubuhi anakagua ukurasa wa mteja, mchana anapitia habari za Bunge na mahakama, jioni anafungua gemu. Kwa hiyo kuchagua kivinjari cha kudumu si jambo dogo, hasa kwa mtu anayefanyia kazi kwenye HP EliteBook ya ex-UK yenye RAM ya GB 8, na ambaye intaneti yake leo ni WiFi ya ploti, kesho ni bando la simu.

Natoa jibu langu kwanza, sababu zifuate. Firefox iwe ya kila siku. Chrome iwe ya kupimia kazi. Simu yako iwe na Opera Mini hata kama huipendi. Edge namshauri mtu wa aina moja, ambaye nitamtaja nikifika kwenye habari za siasa. Brave inamfaa asiyetaka kuhangaika na mipangilio. Opera GX ni ya mchezaji gemu, na hata kwake si lazima.

Nembo nyingi, injini tatu

Kabla ya kulinganisha kivinjari na kivinjari, tazama kilicho chini ya bodi. Matatu mbili za Rongai zinaweza kutofautiana rangi, muziki na taa, moja ikaitwa nganya na nyingine isigeuziwe hata shingo, kumbe zote zimejengwa juu ya chasisi ileile ya Isuzu. Ndivyo zilivyo Chrome, Edge, Brave, Vivaldi, Opera na Opera GX. Zote zimetokana na Chromium, na injini inayochora kurasa zake inaitwa Blink. Ukijaribu tovuti yako kwenye Chrome, kisha Edge, kisha Brave, umeijaribu injini moja mara tatu.

Haikuwa hivi zamani. Opera ilikuwa na injini yake, Presto, hadi mwaka 2013 ilipoamua kuiacha na kuhamia Chromium. Microsoft ilikuwa na EdgeHTML, ikaiweka kando na kutoa Edge mpya ya Chromium Januari 2020. Blink yenyewe ilitengana na WebKit ya Apple mwaka 2013, na WebKit nayo ilizaliwa kutoka KHTML, kazi ya wasanidi wa mradi huria wa KDE. Leo injini kubwa zilizobaki ni tatu: Blink ya Google, WebKit ya Apple inayoendesha Safari, na Gecko ya Mozilla inayoendesha Firefox.

Kwenye iPhone uchaguzi unabana zaidi. Isipokuwa maeneo machache ambako sheria imeilazimisha Apple ilegeze, kama Umoja wa Ulaya tangu 2024, kila kivinjari cha iPhone kinatumia WebKit. Chrome iliyo kwenye iPhone ya mtu wa Kilimani ni WebKit kwa ndani. Mteja akikupigia kusema amefungua kwa Chrome na kitufe hakibonyezeki, muulize kwanza anatumia simu gani. Jibu lake litakuokolea saa nzima ya kutafuta kosa mahali lisipokuwa.

Jambo hili nalichukulia kwa uzito. Tukiandika tovuti na kuzijaribu kwenye Blink peke yake, Google ndiyo itakayoamua intaneti ifanye nini, na hakuna atakayekuwa amepiga kura. Agosti 2024 jaji wa Marekani, Amit Mehta, aliamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Septemba 2025 jaji huyohuyo alikataa kuiamuru iuze Chrome. Ukweli mwingine uliopo ni kwamba sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka kwa Google, inayolipa ili iwe injini ya utafutaji ya kawaida ndani ya Firefox. Kwa hiyo anayechagua Firefox asidhani amejitenga na Google kabisa. Anachofanya ni kuiweka hai injini ya tatu, na hiyo kwangu inatosha kuwa sababu. Tena Mozilla ndiyo yenye mradi wa Common Voice, ambao watu wamechangia sauti zao za Kiswahili ili kompyuta zijifunze kutusikia.

Kwenye benchi la kazi

Hapa Chrome na Firefox zinastahili kuwekwa bega kwa bega, kwa sababu kila moja inaishinda nyingine mahali pake.

Firefox inaongoza kwenye CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa. Ukifungua zana zake na kugusa kipengele chenye mpangilio wa gridi, unachorewa mistari juu ya ukurasa, pamoja na namba za safu na majina ya maeneo. Chrome nayo ina kitu hicho siku hizi, lakini kwa Firefox naona bado kinasomeka vizuri zaidi. Ninachokipenda kuliko vyote ni jinsi inavyofifisha amri ya CSS isiyofanya kazi na kueleza kwa nini. Umeandika `vertical-align` kwenye kipengele cha bloku ambako haina athari. Firefox inakuonyesha alama ndogo, unaipeleka kishale, inakwambia sababu na la kufanya. Kwa anayejifunza peke yake usiku, bila mwalimu, hiyo ni zawadi. Kwenye mti wa HTML, vipengele vyenye kusikiliza mibofyo vinawekewa alama pembeni, hivyo unaona mara moja kitufe gani kimefungwa na msimbo upi.

Halafu kuna vyumba vya akaunti, kiendelezi (extension) cha Mozilla kinachotenganisha vidakuzi (cookies, taarifa ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari ili ikukumbuke) vya kila kichupo (tab) kwa rangi. Mtu wa kazi za kujitegemea mwenye wateja watano anajua adha ya kutoka na kuingia kwenye barua pepe na paneli za seva. Kwa Firefox unafungua kichupo cha kijani cha mteja huyu na cha bluu cha mteja yule, dirisha moja, hakuna kinachoingiliana. Chrome inakutaka ufungue wasifu mwingine mzima, dirisha lake na viendelezi vyake, na RAM yake pia.

Chrome inaongoza kwenye upimaji wa kasi. Lighthouse iko ndani, inakutolea ripoti ya kasi, ufikivu na mengineyo kwa kubofya mara moja. Paneli ya utendaji inaonyesha kila milisekunde ilikokwenda. Unaweza kupunguza nguvu ya prosesa mara nne au sita na kubana mtandao uwe wa 3G, na hapo tovuti iliyokuwa ikipepea kwenye fiber ya Westlands inaanza kujikokota kama itakavyojikokota kwa msomaji aliye Kitui.

Usiishie hapo, lakini. Chukua Tecno au Infinix ya bei ya chini, washa chaguo za wasanidi kwa kugonga namba ya toleo mara saba, ruhusu utatuzi wa USB, ichomeke kwenye laptopu, kisha andika `chrome://inspect`. Sasa unaona ukurasa ulio kwenye simu halisi ukiwa na zana zote za Chrome upande wa pili. Firefox ina njia yake, `about:debugging`, nayo hufanya kazi vizuri kwa Firefox ya Android. Tofauti ni kwamba wateja wako wengi wa Android hawako kwenye Firefox.

Mfano ninaoujali zaidi ni ukurasa wa malipo ya M-Pesa. Mteja anaandika namba yake, seva yako inaita Daraja, mfumo wa Safaricom unaounganisha tovuti na M-Pesa, ombi la kuweka PIN linatokea kwenye simu. Wakati huo ukurasa unauliza seva kila baada ya sekunde chache: imelipwa? Kwenye laptopu kila kitu kinakwenda sawa, kwa sababu kivinjari kiko kwenye kompyuta na PIN inawekwa kwenye simu. Lakini mnunuzi wa kawaida ananunua na kulipa kwa simu ileile. Anaweka PIN, SMS ya uthibitisho inaingia, anaifungua aisome. Kivinjari kimerudi nyuma. Chrome hupunguza mwendo wa vipima muda vya ukurasa uliofichika, na ukikaa nyuma zaidi ya dakika tano inaweza kuviruhusu mara moja tu kwa dakika. Safari ya iPhone inaweza kuusimamisha ukurasa kabisa. Mnunuzi anarudi, anakuta maandishi yaleyale ya "tunasubiri malipo", pesa zimeshakatwa, na akiwa na wasiwasi anabofya tena kulipa mara ya pili.

Tiba yake ni fupi. Sikiliza tukio la `visibilitychange`, na ukurasa unaporudi mbele uulize seva papo hapo bila kungoja kipima muda. Seva iamini jibu linaloletwa na Daraja, isiamini ukurasa. Tena weka kitufe kilichoandikwa "Nimeshalipa, endelea" ambacho ni fomu ya kweli inayotumwa kwa seva, ili hata pale JavaScript isipofanya kazi mtu asikwame. Tatizo hili hulioni kwenye kivinjari chochote cha kompyuta, kiwe bora namna gani. Linaonekana ukiwa na simu mkononi na shilingi moja ya kujaribia.

Safari ndiyo kikwazo cha wengi wetu, kwa sababu zana zake kamili zinahitaji Mac, na Mac ni pesa. Wa Linux anaweza kusakinisha kivinjari cha GNOME kinachoitwa Web, ambacho kinatumia WebKit. Wa Windows anaweza kutumia Playwright, zana ya kujaribia tovuti, inayokuletea WebKit yake ndani ya kompyuta yako na kuendesha majaribio humo. Si Safari kamili, lakini inanasa makosa mengi kabla mwenye iPhone hajayaona.

Lingine la kuangalia ni vidakuzi vya tovuti nyingine. Safari ilianza kuvizuia vyote mwaka 2020, Firefox ikavifungia kila kimoja kwenye tovuti yake kwa watumiaji wote mwaka 2022. Google ilitangaza kwa miaka kwamba Chrome nayo itaviondoa, kisha ikaghairi. Matokeo yake, ukiweka ndani ya ukurasa wako fremu ya huduma nyingine inayotegemea mtu awe ameingia, itafanya kazi kwa Chrome na kukataa kwa Safari na Firefox. Anayefanyia kazi kwenye Firefox kila siku anaona kosa hilo akiwa bado anaandika. Anayeishi ndani ya Chrome anaambiwa na mteja.

RAM na bando

Kwa GB 8 za RAM, ukweli mchungu ni kwamba Chromium inaweza kuwa imefunguka mara kadhaa kabla hujagusa Chrome. VS Code, kihariri cha msimbo, ni Chromium kwa ndani. Slack na Discord vilevile. Dirisha la Steam linachorwa na Chromium pia. Ongeza seva ya majaribio na hifadhidata, halafu vichupo vya kutosha, na feni inaanza kulia.

Edge imejitahidi hapa. Tangu 2021 inalaza vichupo usivyovitumia, na unaweza kuiambia ivilaze baada ya dakika chache badala ya saa mbili. Chrome ilifuata na kiokoa kumbukumbu. Firefox huviondoa vichupo kwenye RAM mfumo unapoanza kukosa nafasi, na ukiandika `about:unloads` unaweza kuviondoa mwenyewe kwa mkono. Sioni tofauti kubwa kati ya hizo tatu zikishawekwa sawa. Tofauti kubwa iko kwenye matangazo.

Matangazo na vifuatiliaji hula bando, hula RAM, na huchelewesha ukurasa. Kizuizi bora kwangu ni uBlock Origin. Chrome ilibadilisha kanuni za viendelezi, na mwaka 2025 ikamalizia kuvizima vile vya mfumo wa zamani, uBlock Origin kamili ikiwemo. Kilichobaki kwa Chrome ni uBlock Origin Lite, inayosaidia lakini haina uwezo wote wa kaka yake. Firefox imeendelea kuruhusu ile kamili, na zaidi ya hapo inaikubali hata kwenye simu ya Android, ambako Chrome haina viendelezi kabisa. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hii peke yake inatosha kuamua. Kurasa za udaku na za habari zenye video zinazojicheza zenyewe zinapungua uzito mbele ya macho yako.

Brave inafika mahali hapohapo kwa njia nyingine: kizuizi chake kimejengwa ndani ya kivinjari chenyewe, hivyo kanuni mpya za Chrome hazikigusi. Ilianzishwa na Brendan Eich, aliyeiunda JavaScript mwaka 1995 akiwa Netscape, pamoja na Brian Bondy. Unaisakinisha, unaanza kuvinjari, imekwisha. Siipi nafasi ya kwanza kwa sababu ina vitu vya sarafu za kidijitali ambavyo inabidi uvifiche mwenyewe, na kwa sababu mwaka 2020 iligundulika ikiongeza viungo vyake vya kamisheni kwenye anwani za soko la sarafu watu walizokuwa wakiandika. Kampuni iliomba radhi na kuondoa. Isitoshe, inabaki kuwa Blink.

Kusoma siasa bila kusomwa

Kwa Mkenya kusoma habari za siasa si kutembelea kurasa za magazeti tu. Mwaka 2022 IEBC, tume ya uchaguzi, iliweka fomu za 34A, za matokeo ya urais ya kila kituo, hadharani kwenye tovuti yake, kutoka vituo 46,229 vya kupigia kura, na wananchi wakakaa usiku wakifungua picha moja baada ya nyingine na kujumlisha wenyewe. Mwaka 2024 watu walipakua Mswada wa Fedha wakausoma kifungu kwa kifungu. Uchaguzi wa Agosti 2027 hauko mbali. Kivinjari chako kinapaswa kuwa mahali pazuri pa kusomea nyaraka ndefu.

Firefox ina kisomaji cha PDF kilichoandikwa kwa JavaScript, PDF.js, ambacho wasanidi wengi wamekibeba na kukiweka kwenye tovuti zao. Ndani yake unatafuta neno, unapiga rangi mistari, unaandika maelezo pembeni na kuhifadhi. Edge nayo hufanya hivyo vizuri sana. Tafuta neno "levy" (tozo) ndani ya mswada wa kurasa mia na zaidi, piga rangi kila linapotokea, na utakuwa umejua kinachokuhusu kabla mchambuzi wa runinga hajafungua mdomo. Kwa makala ya kawaida, mwonekano wa kusoma wa Firefox unaondoa kila kitu na kubakiza maandishi. Bonyeza F9 kwenye Windows.

Sasa yule mtu wa Edge. Ni mtu wa Windows ambaye macho yake yamechoka kwa msimbo na angependa kusikiliza badala ya kusoma. Edge ina usomaji wa sauti, na Microsoft imetengeneza sauti za Kiswahili cha Kenya, Zuri wa kike na Rafiki wa kiume, pamoja na Rehema na Daudi wa Tanzania. Fungua makala ya Taifa Leo, mpe Zuri asome, wewe endelea kukunja nguo. Matamshi yake ya majina ya watu hukosea hapa na pale, lakini Kiswahili chake kinasikika kama Kiswahili. Sijakuta kivinjari kingine kinachokihudumia Kiswahili hivyo kwa sauti, na natamani Firefox ingefuata.

Faragha inanigusa kwa sababu kazi yetu imeshamgusa mmoja wetu. Mei 2025 msanidi wa tovuti wa hapa Nairobi alikamatwa kwa kutengeneza ukurasa uliowasaidia wananchi kutuma barua pepe za kupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Alishtakiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, na mwezi Juni mahakama ya Milimani ikayatupa mashtaka. Alikuwa ameandika fomu na kitufe, kitu ambacho yeyote kati yetu anaweza kukiandika alasiri moja.

Kwa hiyo jua kivinjari kinakulinda wapi na kinakuacha wapi. Dirisha la faragha, liwe la Chrome au Firefox, linafuta historia kwenye kompyuta yako tu. Kampuni inayokupa intaneti bado inaona unakokwenda. Firefox inakuruhusu kusimba (kuficha kwa msimbo wa siri) maulizo ya DNS, yale ya kutafuta anwani ya tovuti kwa jina lake, na kuweka ulinzi mkali dhidi ya vifuatiliaji, na Brave inawasha mengi ya hayo bila kuulizwa. Chrome ni ya kampuni inayoishi kwa matangazo, na hilo huwezi kulibadilisha kwa mipangilio. Opera inatangaza VPN ya bure, lakini inapitisha trafiki ya kivinjari peke yake. Mamlaka ya Mawasiliano ilipoagiza Telegram ifungwe wakati wa mitihani ya KCSE, mwenye VPN hiyo aliweza kutumia Telegram ya wavuti pengine, lakini programu ya Telegram kwenye simu haikusaidiwa nayo. Fahamu pia kwamba Opera ni kampuni ya Norway ambayo mwenye hisa nyingi ni Kunlun ya China. Si kosa, ila ni jambo la kujua kabla ya kumkabidhi mtu njia yako yote ya mtandao.

Na kuna siku ambazo hakuna kivinjari kitakachokusaidia. Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia Bunge, intaneti ilidorora nchini kote. Firefox na Chrome zilizunguka sawasawa.

Jioni, gemu

Hapa sitakawia, maana kivinjari si kiungo muhimu kwa wengi. Ukicheza kwenye Steam au kwenye PlayStation, kivinjari bora ni kile ulichokifunga kabla ya kuanza. Ping ya Nairobi, yaani muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi, inategemea seva iko wapi na nyaya za baharini zina hali gani. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, kila mtu alihisi.

Opera GX, iliyotoka mwaka 2019, inajitangaza kuwa kivinjari cha wachezaji. Ondoa rangi na sauti za kibodi, kinachobaki cha maana ni vidhibiti: unaweza kuiambia isizidi GB 2 za RAM, isizidi asilimia fulani ya prosesa, isizidi kasi fulani ya mtandao. Kidhibiti cha mtandao kina maana kwa nyumba yenye intaneti ya kubana: unaacha faili kubwa ishuke polepole huku mechi ikiendelea. Kwa GB 8 kidhibiti cha RAM pia kinasaidia, ingawa ukikibana mno kurasa zinakuwa nzito. Ni hayo tu. Kucheza chesi Lichess hakuhitaji chochote kati ya hivyo, kivinjari chochote cha kisasa kinatosha.

Anayetaka kuandika gemu ndiye mwenye sababu ya kuchagua kwa makini. WebGPU, njia mpya ya kuitumia kadi ya michoro kutoka kwenye ukurasa, iliingia Chrome Mei 2023, Firefox ya Windows Julai 2025, na Safari baadaye mwaka huohuo. Kwa hiyo anza nayo Chrome, na uweke WebGL, njia ya zamani, kama akiba. Ukiandika gemu ya ajua (bao) au ya kadi, sahau yote hayo. Canvas ya kawaida inatosha na itafunguka kwenye itel ya bei nafuu.

Opera Mini, hakimu wa simu

Sijaiweka Opera Mini kwenye shindano la juu kwa sababu kazi yake ni nyingine. Kwenye kiwango chake cha kubana sana, ukurasa haufunguki kwenye simu. Unafunguliwa kwenye seva za Opera, unakandamizwa, kisha unatumwa ukiwa mwepesi. Ndiyo maana Opera Mini imependwa sana Afrika na ndiyo maana inafanya kazi hata kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe. JavaScript huendeshwa huko kwenye seva kwa muda mfupi tu kisha inasimamishwa. Fonti zako za wavuti hazionekani, aikoni zinazotegemea fonti zinageuka viboksi, mijongeo ya CSS haipo, na ukurasa unaouliza seva kila sekunde tatu hauulizi chochote.

Wasanidi wengi hupuuza. Lakini fikiria ni nani anayeitumia: mzazi anayetafuta matokeo ya shule, mkulima anayeangalia bei ya mahindi, mpiga kura anayetafuta kituo chake. Hao ndio wanaohitaji tovuti ifunguke. Jaribu hivi: weka Opera Mini kwenye kiwango cha kubana sana, fungua tovuti yako ya mwisho uliyoikabidhi, na ujaribu kufika kwenye namba ya simu ya mteja na kutuma fomu ya mawasiliano. Menyu ikigoma kufunguka, andika viungo vyake ndani ya HTML tangu mwanzo na uache JavaScript iipendezeshe tu. Aikoni zikipotea, tumia SVG au maneno.

Ukiamua kuhama kutoka Chrome kwenda Firefox, msaidizi wa kuhamisha aliye ndani ya Firefox atakuletea alamisho na historia kwa dakika chache. Nywila zikigoma kuja moja kwa moja, zitoe Chrome kama faili ya CSV na uziingize Firefox kwa mkono. Faili hiyo haijafungwa kwa siri yoyote, kila nywila iko wazi kwa atakayeifungua, kwa hiyo ifute palepale, halafu futa na kwenye pipa la takataka, na usiipitishe kwenye WhatsApp kwenda kompyuta nyingine.